Baraza Iliyoharibu Haiba ya Mtaa

Nilikwenda Ibra kuhani msiba wa mtu ambaye sikuwahi kumpenda, na nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nimelainika njiani. Sikumpenda akiwa hai, na kufa kwake hakukumwongezea kitu kwangu. Nilikwenda kwa sababu taazia ni haki, na kwa sababu bibi yangu, lau angekuwa hai, angeshavaa buibui zamani na kunisubiri mlangoni huku akilalamika kwamba wasichana wa siku hizi wanajipodoa hata kwenda matangani. Basi nikatoka Nizwa asubuhi, nikafika, nikavua viatu penye rundo la viatu, nikawapa mkono wafiwa mmoja mmoja, nikakaa chini na wenzangu. Chumba cha wanawake kilikuwa kipana, mazulia ukuta hadi ukuta, baridi ya kiyoyozi inatafuna mifupa, sahani za tende kila upande na msichana anazunguka na birika la kahawa chungu. Mama mmoja aliyekaa ubavuni kwangu alikuwa akimsifu marehemu kwa Kiarabu, na wenzake wanamwitikia. Lau si yeye, alisema, mtaa huu ungekuwa soko. Tazama kuta, zote rangi moja. Tazama madirisha, huoni nguo inaning'inia. Huoni mtu kakaa njiani. Mungu amrehemu, amehifadhi haiba ya mtaa. Nusura niimeze tende pamoja na kokwa yake.

Maana neno hilo, haiba ya mtaa, nalijua. Nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tisa, mwaka niliomaliza skuli na kukaa nyumbani nikisubiri nafasi ya chuo. Msichana anayesubiri chuo hana kazi ila mbili: kusaidia jikoni na kusikiliza mazungumzo ya wakubwa. Zote mbili nilizifanya kwa bidii. Mtaa wetu ulikuwa mpya wakati huo, nje kidogo ya mji, ng'ambo ya wadi, lile bonde la mto mkavu, nyumba za saruji za watu wa kazi za serikali waliochoka na nyumba za udongo za wazee wao. Kila aliyejenga pale alijiona kafika. Na walipokwisha kufika, kitu cha kwanza walichofanya ni kuunda kamati ya wenye nyumba ili mwengine yeyote atakayefika afike kwa mpango wao. Kuta ziwe rangi ya mchanga, si nyeupe, si kijani. Ukuta wa nje uwe na urefu fulani, usipungue. Nguo zisianikwe upande wa barabara. Mbuzi wasifugwe. Wafanyakazi wasikae malangoni. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Ustadh Khalfan, mwalimu mkuu aliyestaafu, mtu mrefu, kanzu yake daima imepigwa pasi hata unaogopa kumsogelea, na huyo ndiye tuliyekuwa tukimkalia matanga siku ile ya taazia.

Baba aliyakubali masharti yote. Baba angekubali hata kama wangemwambia apake mchanga usoni. Wale waliorudi kutoka Unguja na Pemba wananielewa: ukiambiwa "wewe Mzinjibari" kwa ile sauti inayoinuka mwishoni, unajifunza kuwa Mwomani kuliko Waomani. Baba alitia kilemba kila siku, alikunywa kahawa asiyoipenda, na mtu akimsemesha Kiswahili sokoni alijibu kwa Kiarabu huku akitazama pembeni. Nyumbani, lakini, alikuwa mtoto wa mama yake. Na mama yake, Bi Asya, bibi yangu, alikuwa ametuhamia katika nyumba ile mpya na hakuipenda hata siku moja. Ilikuwa na vyumba vikubwa, jiko lenye makabati, choo kila pembe, na ukuta mrefu unaokukata macho ukitaka kuona nani anapita. "Nyumba nzuri, Saidi," alimwambia baba tukila, mbele ya samaki wa nazi. "Mungu akuzidishie. Ila mie humu nimekaa kama maiti waliosahau kumzika." Baba akaweka kijiko chini. Wiki ile ile, kwa saruji na matofali yaliyobakia kwenye ukuta, akamwita fundi, wakajenga baraza nje ya lango, upande ambao kivuli kinaangukia baada ya alasiri. Fupi, pana kiasi cha kukunja miguu, imepakwa chokaa. Nyeupe, ndiyo. Kosa la kwanza.

Sijapata kumuona mtu mzima akifurahi vile. Kila alasiri, akishasali, Bibi alijifunga kanga, akatangulia na mto wake, nami nyuma na siniya ya chai na chochote tulichopika: vileja, au mkate wa kumimina, au bajia siku tukiwa na hamu ya kukaanga. Alikaa. Basi. Alisalimia kila apitaye. Mama anayekwenda dukani, watoto wanaotoka madrasa, mafundi wa Kibangali wanaorudi kazini, wote walipata salamu na swali. "Mbona umekonda?" alimuuliza fundi mmoja kwa Kiarabu chake kibovu, na yule bwana akasimama kumweleza habari za mke wake mpaka chai ikapoa. Haukupita mwezi wanawake wa mtaa wakaanza kusimama, halafu kuegemea, halafu kukaa. Walikuja kwa kujificha kidogo mwanzoni, kana kwamba wanaiba.

Bi Zuwena alikuja kwa sababu ya vileja. Alikuwa bibi wa nyumba ya pili ng'ambo ya barabara, mama yake Ustadh Khalfan, kizee chembamba chenye mkongojo na shela ya rangi ya zambarau, tuliyekuwa tukimuona akitembezwa na mtumishi hadi kwenye gari na kurudishwa. Tulimjua kwa Kiarabu tu, na kwa Kiarabu chenyewe kwa salamu. Siku hiyo Bibi alikuwa akinigombeza kwa sauti, mimi niko ndani: "We Rahma, vileja vinaungua huko, hiyo pua yako umeiazima wapi?" Na yule kizee, anapita barabarani, akasimama. Akageuka. Akauliza kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayekanyaga ngazi gizani: "Vya samli, au vya mafuta?"

Nilipotoka na sahani nilimkuta Bibi ameinuka, mikono kiunoni. "Vya samli," alisema. "Kwani wewe nani?"

"Mie wa Wete," alisema Bi Zuwena. Akakaa chini bila kukaribishwa, akaanza kulia.

Alikuja tena kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku. Kidogo kidogo tukapata habari zake. Alikuwa amekuja Omani na mumewe na watoto, na mumewe alipofika tu alimwambia kwamba katika nyumba hii ulimi ni mmoja, na ule mwengine ubaki huko ulikotoka, kwa sababu watu wakiusikia watauliza na mama yako ni nani na mama yake mama yako ni nani. Naye akatii. Mume alikufa zamani, lakini amri ilibakia nyumbani na watoto wakaishika, na mkubwa wao ndiye aliyekuwa mkali zaidi. "Hata watoto?" Bibi aliuliza. "Hawajui hata maji?" Bi Zuwena akatikisa kichwa. "Khalfan alikuja mdogo, ana meno ya utotoni. Kasahau yote. Hao wengine walizaliwa huku." Ulimi wake mwenyewe ulikuwa umeota kutu. Alikuwa akisimama katikati ya maneno na kushika hewa kwa vidole. "Ile... ile ya kukamulia tui?" "Kifumbu," Bibi anamwambia. "Kifumbu," anarudia, anakitafuna, anacheka mpaka anapaliwa na chai. Wallahi nilikuwa na miaka kumi na tisa na mambo yangu mengi kichwani, lakini nilikaa nikawatazama wale wazee wawili wakirudishiana majina ya vyombo vya jikoni, na nilijua naona kitu kikubwa. Baada ya miezi mitatu minne alikuwa anasema kuliko Bibi. Alisimulia harusi za Wete, alitusema jinsi tunavyokanda unga, alimtania Bibi kwamba watu wa mjini hawajui kupika ila kupamba sahani. Mtumishi wake alituambia kwamba akirudi ndani alinyamaza, mpaka alasiri ya pili.

Hapa lazima niseme tabia moja yetu, sisi wa nyumba za Kiswahili kule bara ya Omani, kwa sababu ndiyo iliyotufunga kamba. Tulikuwa tukikitumia Kiswahili kama pazia. Mgeni yuko mbele yako, unamtabasamia, unamwambia karibu kwa Kiarabu, na wakati huo huo unamwambia binti yako kwa Kiswahili kwamba asimjazie kikombe maana hajui kuondoka. Nyumba zote zilifanya hivyo. Hapana aliyeona ni utovu wa adabu, kwani adabu huvunjwa na kinachosikika. Basi Ustadh Khalfan alipokuja kuangalia baraza, alasiri moja, akasimama mbele yake mikono nyuma kama anakagua darasa, Bibi alimkaribisha kwa Kiarabu kizuri kabisa na mimi akaniambia kwa Kiswahili, uso wake umejaa tabasamu: "Mpe na halua, Rahma, labda itamlainisha. Uso umefungwa kama duka siku ya Ijumaa." Nikampa. Akachukua kidogo, akala, akashukuru kwa Kiarabu. "Na mama yake mzuri vile," Bibi akaendelea. "Huyu kaitoa wapi sura hii?" Nikauma mdomo nisicheke. Ustadh akapangusa vidole kwa leso. Hata ukope wake haukutikisika.

Alizungumza na baba, si na Bibi. Alisema baraza imetoka nje ya mstari wa ukuta. Alisema ni nyeupe. Alisema wanawake wanakaa barabarani na waume wanapita kwenda msikitini, na kuna kicheko, na kuna lugha. Alisema ana heshima kubwa kwa mama wa nyumba hii, lakini mtaa una haiba yake, na kitu hiki si katika desturi yetu. Desturi yetu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya lango na siniya mkononi, na nilihisi masikio yanawaka. Babu yake Bibi alitoka Al Qabil, mwendo mfupi wa gari kutoka pale tuliposimama, akaenda Unguja kujenga nyumba, na mbele ya mlango wake alijenga nini? Baraza. Aliitoa wapi fikra hiyo, mbinguni? Nenda leo kwenye nyumba za kale za Ibra, zile za udongo zilizobomoka nusu, tazama kando ya mlango mkubwa: kuna dakka ya mawe ya kukalia, imelainika kwa makalio ya watu. Mimi nimekwenda, nimeikalia. Lakini mtu aliyestaafu ualimu alituambia sisi kwamba kukaa mlangoni tumekuja nako kutoka Afrika.

"Insha Allah, Ustadh," alisema baba.

Chakula cha usiku ule nakikumbuka kwa sababu hapana aliyekila. Wali wa nazi, mchuzi wa papa kutoka Sur ambao baba aliupenda kuliko kitu chochote, vyote vikapoa juu ya mkeka. "Mama, tunaishi na watu," baba alisema. Bibi alimtazama. "Na mie nani, Saidi? Sufuria?" Baba akasema kamati imeshakaa katika sabla, yaani ile baraza yao wenyewe wanaume, yenye mito na kahawa na mlango wazi, na imekata shauri kwamba hapana kitakachojengwa nje ya ukuta na kilichokwishajengwa kivunjwe. Bibi aliuliza ni nyumba ngapi mtaani zina kitu nje ya ukuta. Baba akasema ni yetu peke yake. "Basi wametunga sheria ya watu wote kwa ajili ya makalio ya wazee wawili," alisema. "Haya. Wana nafasi, hao."

Walipokuja na nyundo, Bibi alikuwa amekaa juu ya baraza. Alimwambia fundi, kwa upole, kwamba atanyanyuka akimaliza chai. Fundi akachutama kivulini akasubiri, maana alimheshimu. Bibi akanywa kikombe cha kwanza. Akaniomba cha pili. Akakipuliza mpaka nikadhani kitakauka. Barabarani wajumbe wawili wa kamati walikuwa wakizuga kuzungumza. Baba alisimama langoni na mikono imening'inia. Hatimaye Bibi akanyanyuka, akachukua mto wake, akaingia ndani asigeuke. Kuvunja hakukuchukua muda. Baba alilipaka rangi ya mchanga kovu lililobakia ukutani, kwa mkono wake, na nilimuona akipangusa macho kwa kiwiko. Nilimchukia siku ile. Leo nasema alikuwa mtu mwenye hofu, na waliomtia hofu ndio wa kulaumiwa.

Kesho yake baada ya alasiri, Bibi alitoka na mkeka. "Kamati imekataza jengo," alisema. "Mkeka si jengo." Akautandika pale pale, juu ya vumbi la chokaa, akakaa. Na Bi Zuwena akaja, na mkongojo wake, akamwachia mtumishi mkono, akashuka chini taratibu, magoti yakilia. Walikaa hivyo siku kadha wa kadha. Wanawake wengine waliogopa, walisalimia wakipita tu, lakini wale wawili walikaa, na mimi nikawatilia chai. Sijui kwa nini niliamini kwamba tumeshinda. Utoto.

Ilikuwa karibu na maghribi, wanaume wanatoka majumbani kwenda msikitini, Ustadh Khalfan alipovuka barabara. Alisimama mbele ya mkeka na kumwambia mama yake kwa Kiarabu kwamba jua limekuchwa na baridi ni mbaya kwa kifua chake. Bi Zuwena alimjibu kwa Kiswahili. Nafikiri hakudhamiria, ulimi ulikuwa umeshachukua njia hiyo. "Niache kidogo, niko na mwenzangu." Ustadh akarudia kwa Kiarabu, kwa sauti kubwa zaidi. Naye akamjibu kwa Kiswahili tena: "Siondoki, Khalfan. Nimekaa ndani miaka arobaini na mitano. Nimechoka." Wanaume wakapunguza mwendo. Mmoja alikohoa. Ustadh akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akainama mpaka mdomo wake ukawa sikioni mwa mama yake, na nilikuwa karibu, nimeshika birika, nilisikia kila neno. Alisema kwa Kiswahili, Kiswahili safi cha Pemba, cha mtoto aliyelelewa na mama yake: "Mama, wanitia haya mbele za watu. Nyanyuka twende zetu ndani."

Bibi aliweka mkono mdomoni. Nami nilimuona akiyahesabu moyoni maneno yote, duka la Ijumaa, halua, sura, na mengine mengi zaidi ya hayo. Ustadh alikuwa akisikia yote. Miezi yote ile alikuwa akielewa kila neno, akipangusa vidole kwa leso. Lakini hilo la matusi si kitu, tulistahili, na Bibi mwenyewe alisema hivyo baadaye. Kilichonichoma ni Bi Zuwena. Uso wake ulifunguka. Sijui niseme vipi. Mtoto wake alikuwa amemsemesha. "Kumbe unakumbuka, baba?" alisema. "Kumbe unacho?" Na akanyanyuka. Yule aliyesema siondoki alinyanyuka mara moja, akampa mkono mwanawe, akamfuata kuvuka barabara huku akimtazama usoni, akimsemesha, akisubiri amjibu. Hakumjibu. Aliitumia lugha ya mama yake siku hiyo moja, kumtoa alipokuwa amekaa. Nimeshakuwa mtu mzima, nimeshasamehe watu wengi katika maisha yangu, wengine walionikosea mimi mwenyewe makosa makubwa. Hilo limenishinda.

Wiki mbili hivi zikapita hatukumuona Bi Zuwena. Bibi alikwenda kubisha hodi na sahani ya vileja vya samli. Mara ya kwanza aliambiwa amelala. Mara ya pili aliambiwa amekwenda Sur kwa mtoto wake mwengine, abadilishe hewa, bahari itamfaa. Bibi aliuliza atarudi lini. Akaambiwa Mungu ndiye ajuaye. Alimwomba baba ampeleke Sur. Baba alisema insha Allah, ile insha Allah yake, na safari haikupatikana, mara kazi, mara gari, mara hatujui nyumba. Bibi aliendelea kutoka na mkeka, akakaa na kikombe kimoja cha ziada kwenye siniya. Nilikijaza.

Habari za kifo chake tulizipata dukani. Shamsa, binti wa Ustadh, rika langu, alikuwa ananunua maziwa, akasema juu juu tu kwamba nyumba iko shaghalabaghala kwa sababu bibi yao amefariki Sur na amezikwa huko, na wote wanarudi leo. Alikuwa ameshazikwa siku tatu. Hapana aliyetuambia. Na kwa nini watuambie? Sisi tulikuwa nani kwake? Kwenye hesabu yao, bibi yangu alikuwa jirani mwenye baraza. Nilirudi nyumbani na mkate mkononi, nikamwambia. Aliingia kuoga, akajifunga kanga ya zamani nyeusi ambayo sikuijua, akatoka nje mchana, jua kali, akatandika mkeka, akakaa matanga peke yake.

Mimi nilikaa naye. Nilipika kahawa, nikatoa tende, na sikujua nimkaribishe nani. Watu walipita wakashangaa. Mwenye duka, Mbangali, alipoelewa alivua viatu, akaketi ukingoni mwa mkeka, akamsomea Fatiha. Wanawake wawili watatu walikuja, wakatazama huku na huku, wakakaa. Na karibu na alasiri gari la baba lilisimama. Alishuka na kilemba chake na mkoba wa kazini, akatutazama. Wanaume walikuwa wanapita kwenda msikitini na wajumbe wa kamati wakiwemo. Nikasubiri aseme, "Mama, tunaishi na watu." Alivua viatu vyake, akakaa chini ubavuni mwa mama yake, barabarani, akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu: "Pole, mama. Nimekuchelewesha Sur." Bibi akampiga piga gotini. Ustadh Khalfan alirudi jioni hiyo. Gari lake lilipunguza mwendo mbele yetu, tukamuona kupitia kioo, na tulijua kwamba anajua tunamlia nani. Kioo hakikushuka. Geti lake likafunguka, akaingia.

Bibi alimfuata Bi Zuwena kabla mwaka mwengine haujakwisha. Nilipata nafasi ya chuo Nizwa, nikaolewa huko, nikabaki. Baba aliiuza nyumba. Mtaa niliurudia siku ile ya taazia tu, na nilipokuwa nikiingia nilipunguza mwendo wa gari kwa mshangao, kwa sababu pale penye njia ya kuingilia kamati imejenga dakka ndefu ya mawe, imepakwa chokaa, nyeupe, na kibao kinachosema ni turathi za wazee wetu. Vijana walikuwa wamekaa juu yake na kahawa za vikombe vya karatasi, wanapiga picha. Mambo ya asili yanapendwa sasa. Kule Nizwa mtaa mzima wa udongo umefanywa mikahawa, watu wanalipa ili wakae mlangoni.

Shamsa alinitambua, akaja kukaa nami, macho yamevimba, tukashikana mikono. Yeye sina ugomvi naye. Aliniuliza kama nimeiona dakka. "Fikra ya baba," alisema. "Miaka ya mwisho hakuwa na neno jengine. Kila siku alasiri anataka apelekwe pale, akae." Wanawake waliokuwa karibu wakasema masha Allah, aliipenda nchi yake. Labda alijuta. Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi, na bado nalifikiria. Lakini kama alijuta, alikuwa na ulimi wa kulisema, na watu wa kuwaambia walikuwa hai: baba yangu aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mimi nyumba yangu si ya kujificha. Akaona ni rahisi zaidi kujenga. Majuto ya saruji hayamfikii mtu aliyelala Sur.

Kisha Shamsa akainua sauti, akawaambia wenzake kwamba mimi ni katika watu wa Zanzibar, na kwamba bibi yao mzaa baba pia alikuwa wa huko, alikuwa akikisema Kiswahili kama maji. Alilisema kwa fahari. Chumba kizima kikanigeukia kwa wema. Akaniomba nimwombee baba yake dua kwa Kiswahili, dua fupi tu, kwa kumbukumbu ya bibi yao. Nikatazama zile nyuso, moja baada ya moja, na hapana hata moja iliyokijua.

Nikainua mikono. "Mungu amrehemu Khalfan bin Zuwena," nilisema, polepole, wanisikie wote. "Yeye Mungu ni mwingi wa kusamehe. Mimi bado."

"Amin," wakaitikia.